Tailizi hazisawazishi sakafu: kazi ya chini inayoamua kazi ya juu

Kila baada ya muda husambaa video ya sebule ambayo tailizi zake zimebenuka zenyewe. Mbili zimeinuana katikati ya chumba, chini yake kuna uwazi wa kupitisha mkono, na mwenye nyumba anarekodi huku akiapa kwamba hakuna aliyezigusa. Maoni yanamiminika. Wa kwanza anasema ni tailizi feki, wa pili analaumu joto, wa tatu tetemeko, na hakosekani wa kutaja majini. Kenya nako kilio kiko kwenye mkeka wa mbao, ule wa plastiki (PVC) unaouzwa kwa mita. Dukani unavutia, lakini ukishakaa sebuleni miezi michache unaonyesha kila kovu la sakafu iliyo chini yake.

Mara nyingi bidhaa haina kosa. Kosa liko sentimita mbili tatu chini, mahali pasipoonekana, na kwa kuwa hapaonekani hakuna anayetaka kupalipia. Mtu atazunguka maduka ya Kariakoo kutwa nzima akichagua rangi ya tailizi, halafu suala la sakafu ya kuzibebea analimaliza kwa sentensi moja: "Fundi utaweka sawa na gundi."

Gundi haiweki sawa. Kuelewa kwa nini, tuanze na kilichomo ndani ya sakafu yenyewe.

Chini kabisa kuna udongo au kifusi kilichoshindiliwa, kisha mawe, kisha karatasi ya nailoni kama mjenzi alikuwa mwangalifu. Juu yake humwagwa zege, ambalo mafundi wengi wa Tanzania huliita jamvi. Kazi ya jamvi ni kubeba mzigo. Halimwagwi ili lipendeze, ndiyo maana uso wake huwa na mabonde na vilima. Juu ya jamvi huja skridi, tabaka la mchanga na simenti la sentimita 3 hadi 5 hivi, na hili ndilo lenye kazi ya kunyoosha. Nyumba nyingi huongezewa niru, yaani simenti laini inayosuguliwa kwa mwiko hadi ing'ae. Baada ya hapo ndipo unakuja ule utandiko wa mwisho: tailizi, mkeka wa PVC, mbao za kubofya (vipande vinavyoungana kwa kubonyeza ulimi wa kimoja ndani ya kingine) au zulia.

Ukiruka skridi, au ikipigwa ovyo, kila kinachofuata kinarithi makosa yake.

Levo na nyoofu ni vitu viwili

Hapa ndipo fundi na mteja huanza kupishana lugha. Fundi anasema sakafu iko levo, mteja anaweka tailizi na zinapishana kingo. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli.

Sakafu iliyo levo ni ile ambayo pembe zake zote ziko kwenye kimo kimoja. Iliyo nyoofu ni ile isiyo na bonde wala kilima, hata kama imelala upande mmoja. Njia ya kupandishia kiti cha magurudumu hospitalini ni nyoofu lakini haiko levo. Chumba ambacho pembe nne ziko sawa na katikati kumezama sentimita mbili kina levo pembeni, lakini nyoofu hakuna. Bafuni unyoofu unatakiwa na levo haitakiwi kabisa, kwa sababu maji lazima yashuke kuelekea kwenye tundu la kutolea, sentimita moja hadi mbili kwa kila mita. Bafu lililopigwa levo safi ni bafu la kufagia maji kwa ufagio kila siku.

Tailizi na mbao za kubofya hujali unyoofu kwanza. Levo huwa na maana zaidi kwa makabati ya jikoni, milango na friji. Kwa hiyo ile pimamaji ya sentimita 60 ambayo fundi anailaza mahali pamoja ili kukuonyesha kipovu kikiwa katikati imekueleza habari za sentimita 60 tu. Ya chumba kizima haiyajui.

Kipimo cha unyoofu ni rula ya aluminiamu ya mita 2. Unailaza chini, unaizungusha pande zote kama mshale wa saa, unasogea, unarudia. Mwongozo wa Uingereza kwa sakafu ya kuwekwa tailizi ni kwamba uwazi chini ya rula hiyo usizidi milimita 3. Wamarekani wanagawa kwa ukubwa wa tailizi: milimita 6 katika urefu wa mita 3 kwa tailizi ndogo, na milimita 3 katika urefu huohuo kwa tailizi yoyote yenye upande wa sentimita 38 au zaidi. Tailizi za 60 kwa 60 ambazo siku hizi kila mtu anazitaka ziko kwenye kundi hilo kali.

Huhitaji kifaa cha kupimia milimita. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo kadi nne zilizobebana ni milimita 3. Zikipita chini ya rula bila kugusa, sakafu haijawa tayari kwa tailizi kubwa. Kitambulisho cha plastiki cha ukubwa uleule nacho kinafaa.

Ukubwa una maana kwa sababu tailizi haipindiki. Ya sentimita 30 hushuka na bonde kidogo kidogo, jicho lisione. Ya 60 kwa 120 hukaa juu ya vilima viwili na kuacha hewa katikati. Tena tailizi ndefu zenyewe huwa zimejikunja kidogo sana kutoka kiwandani, katikati pakiwa juu kuliko ncha. Ukizipanga kwa mtindo wa matofali, nusu kwa nusu, unaweka sehemu ya juu ya moja kando ya sehemu ya chini ya nyingine, na kidole kitaisikia ile ngazi hata sakafu ikiwa kamili. Ndiyo maana hushauriwa zipishane theluthi moja tu. Zile klipu na kabari za plastiki zinazoshikilia kingo husaidia, ila zinashikilia tailizi. Bonde lililo chini haziligusi.

Mpira wa maji

Kabla ya kumwaga skridi lazima mtu ajue chumba kimekaaje. Kuna mashine za miale ya leza, na kama fundi wako anayo, vizuri. Lakini kifaa cha uhakika kuliko vingi ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji. Maji yaliyotulia ncha mbili za mpira huwa kwenye kimo kimoja hata kama ncha moja iko sebuleni na nyingine jikoni nyuma ya ukuta.

Inavyofanyika ni hivi. Unajaza maji taratibu na kuhakikisha hakuna kipovu kilichonasa ndani, maana kipovu kimoja huharibu kipimo chote. Unachora alama ukutani mita moja kutoka chini. Mtu mmoja anashika ncha ya mpira kwenye alama hiyo, mwingine anakwenda na ncha nyingine kila pembe, wanasubiri maji yatulie, anachora. Ukiunganisha alama hizo kwa uzi wenye chokaa au rangi, unapata mstari unaozunguka nyumba nzima. Huo mstari usiufute hadi kazi iishe.

Sasa pima kutoka kwenye mstari kushuka chini, kila pembe na sehemu kadhaa katikati kwa kuvuta uzi. Tuseme unapata sentimita 100, 101, 98.5 na 102. Namba ndogo ndiyo kilima, kwa hiyo pale kwenye 98.5 jamvi limeinuka. Pale kwenye 102 limezama. Tofauti ni sentimita 3.5, na hiyo si ya kuzibwa na gundi. Kama unataka skridi isiyopungua sentimita 3 juu ya kilima, pale bondeni itafika 6.5. Hapo una uamuzi wa kufanya: ama unatindua kilima kwa tindo na nyundo, ama unanunua simenti na mchanga zaidi. Afadhali ujue leo kuliko siku mchanga umeisha na fundi anapunguza unene kimyakimya.

Hesabu ya kimo cha mwisho hufanyika hapohapo. Skridi milimita 40, gundi milimita 5, tailizi milimita 10: sakafu itapanda milimita 55 juu ya jamvi. Mlango utafunguka? Kizingiti cha bafu kitabaki juu ya maji? Ngazi ya kwanza itabaki na kimo sawa na zinazofuata? Nyumba nyingi zenye milango iliyokatwa chini kwa msumeno ni za watu waliosahau hesabu hii.

Skridi inayoshika

Skridi inayopigwa juu ya jamvi lenye vumbi haishiki. Jamvi lifagiliwe, lioshwe, matone ya plasta yabanduliwe, na kama uso ni laini utinduliwe ili uwe na makwaruzo. Linaloweshwa tangu jana yake, halafu maji yaliyotuama yanaondolewa. Kabla ya kumwaga, unapakaza uji mzito wa simenti na kumwaga juu yake ukiwa bado mbichi. Uji ukikauka kabla, umeshageuka kuwa kitenganishi.

Mchanganyiko wa kawaida ni ndoo moja ya simenti kwa ndoo tatu na nusu hadi nne za mchanga mkali. Chumba cha mita 4 kwa 5 chenye skridi ya sentimita 4 kitakula kama mifuko sita ya kilo 50. Kuna wanaodhani kuongeza simenti ni kuongeza uimara. Simenti ikizidi skridi husinyaa zaidi inapokauka, inapasuka na kujinyanyua pembeni. Maji yakizidi, matokeo ni hayohayo, tena uso hubaki na unga. Chukua mchanganyiko kiganjani ufinye: donge lishikane bila maji kutoka kati ya vidole.

Mchanga wa baharini usiuguse. Chumvi yake itakuja juu na kuacha weupe usioisha kwenye grauti, ile simenti laini inayojaza mistari kati ya tailizi. Na mchanga unaoacha tope mikononi ukiusugua una udongo mwingi, utaifanya skridi iwe dhaifu.

Lipo zoea moja ambalo ningependa life: kunyunyiza simenti kavu juu ya skridi iliyolowa ili inywe maji na kung'aa haraka. Unachopata ni ngozi nyembamba ngumu juu ya tabaka laini. Tailizi itashika ile ngozi vizuri kabisa, na ngozi itabanduka pamoja na tailizi. Niru ya kung'aa nayo ni hivyohivyo kwa upande wa tailizi: ni nzuri kwa kutembelea, mbaya kwa kugandishia. Lazima itinduliwe au ikwaruzwe kwa mashine. Jipime kwa kudondosha maji. Yakinywewa ndani ya dakika chache, gundi itashika. Yakibaki yamejikusanya juu, haitashika.

Siku 28 za nini?

Namba hii kila mtu anaijua na wengi huitumia vibaya. Siku 28 ni muda ambao kwa kawaida zege hupimwa uimara. Haimaanishi limekauka. Kwanza skridi inatakiwa kumwagiliwa au kufunikwa kwa takriban siku saba ili simenti ifanye kazi yake, na katika siku hizo haikauki hata kidogo. Baada ya hapo makadirio ya wajenzi ni siku moja kwa kila milimita ya unene, hadi milimita 50, kukiwa na hewa nzuri. Ikizidi hapo kasi hupungua. Skridi ya sentimita 4 inahitaji wiki karibu sita tangu uache kumwagilia, na jamvi nene lenyewe huchukua miezi. Dar es Salaam au Mombasa wakati wa masika, ongeza.

Juu panaweza kuonekana pakavu, peupe, na chini bado pana maji. Kata kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45, kibandike sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote nne bila kuacha upenyo, kiache saa 16 au zaidi. Ukikuta matone upande wa chini, au sakafu imebadilika rangi, unyevu bado unapanda. Usipoona kitu si uthibitisho kamili, ila ukiona umepata jibu.

Tailizi zilizowekwa kwa gundi ya simenti huvumilia unyevu kiasi. Mkeka wa PVC na mbao haviuvumilii. PVC haipitishi hewa, kwa hiyo maji yanayopanda hukwama chini yake, gundi inageuka ute, harufu ya ukungu inaanza. Kama nyumba ni ya zamani na haikuwekewa nailoni chini ya jamvi, unyevu huo hautaisha kwa kusubiri. Unatoka ardhini. Hapo inabidi kupaka kizuizi cha unyevu, au kubadili mawazo na kuweka tailizi.

Maeneo yenye ule udongo mweusi unaovimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka, kama Kitengela na Embakasi, yana shida ya ziada: jamvi lenyewe husogea kama udongo haukuondolewa kabla ya kujenga. Ufa unaopanuka msimu hadi msimu hautibiwi na skridi wala gundi ya bei gani.

Kila utandiko una udhaifu wake. PVC nyembamba ni shuka lililotandikwa juu ya godoro: uvimbe wote utaonekana, hata punje ya mchanga. Kwa hiyo huhitaji uso laini kuliko tailizi. Mbao za kubofya husamehe punje, hazisamehi bonde, kwa sababu ukikanyaga hewa kiungo hupinda na siku moja ulimi wake hukatika. Zulia zito husamehe karibu kila kitu isipokuwa unyevu.

Vipi ile simenti ya kujisawazisha?

Inauzwa madukani siku hizi, na ni kitu kizuri kwa kazi yake. Ni unga unaochanganywa na maji yaliyopimwa, si ya kukadiria, na kumwagwa ukiwa mwepesi kama uji. Nyingi ni za unene wa milimita 3 hadi 10. Hutengeneza uso mzuri sana kwa PVC na mbao.

Jina linawadanganya watu. Haikimbii chumba kizima kutafuta levo, inahitaji kusukumwa kwa mwiko wa meno ndani ya dakika chache kabla haijaanza kukaza. Inahitaji praima chini, yaani kimiminika cha kupakwa kwanza, la sivyo sakafu kavu hufyonza maji yake na kuacha vitundu. Hupenya kila tundu, hivyo mlango na bomba lazima vizibwe kwanza. Na haiimarishi skridi mbovu. Ukigonga skridi kwa mpini wa nyundo ikalia mtupu, kama kuna uwazi chini yake, kile kipande kinabomolewa. Kumwaga juu yake ni kukificha.

Kwa bonde la sentimita 3 chumba kizima, skridi ya kawaida ni rahisi zaidi mfukoni.

Kwa nini basi zinabenuka

Turudi kwenye gundi. Fundi akikuta bonde huweka madonge matano nyuma ya tailizi, manne pembeni na moja katikati, kisha anaibonyeza hadi ilingane na mwenzake. Kwa macho kazi imenyooka. Chini yake kuna hewa. Miongozo ya Marekani inataka gundi iguse asilimia 80 ya mgongo wa tailizi ndani ya nyumba na asilimia 95 penye maji kama bafuni. Madonge hayakaribii huko. Kisigino cha kiatu au chupa ya gesi ikidondoka penye hewa, tailizi inapasuka. Gundi ikitumika kuziba bonde pia ni gharama: kwa milimita 3 unatumia kilo 4 hadi 5 kwa mita ya mraba, kwa sentimita moja unafika kama kilo 15, na gundi nene husinyaa na kuivuta tailizi ishuke usiku ukiwa umelala.

Sasa ongeza jambo la pili. Skridi husinyaa kwa miezi inapokauka, na tailizi hutanuka kidogo kwa joto na unyevu. Kama fundi amezibananisha hadi ukutani pande zote na kujaza simenti, hazina pa kwenda. Nguvu inajikusanya miezi, hata miaka, hadi siku moja inapata sehemu iliyoshikwa kwa madonge au kwa ngozi ya niru, na tailizi zinaruka kwa kishindo. Majini hawahusiki. Dawa ni uwazi wa milimita 5 au zaidi kuzunguka kuta, ambao skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta, itaufunika, na kwenye ukumbi mrefu kuacha mstari laini wa silikoni kila baada ya mita 6 au 7. Mbao za kubofya huhitaji uwazi mkubwa zaidi, milimita 8 hadi 10.

Na kuloweka tailizi kwenye beseni kabla ya kuziweka? Lilikuwa jambo la maana kwa tailizi za udongo zinazonywa maji, zikiwekwa kwa simenti na mchanga. Poseleni, tailizi ngumu za siku hizi, hunywa maji yasiyozidi nusu asilimia ya uzito wake. Ukiiloweka unapata tailizi yenye utando wa maji mgongoni, na gundi haishiki utando wa maji. Ifute vumbi kwa kitambaa, inatosha.

Kuweka tailizi juu ya tailizi inawezekana. Zigongwe moja moja, zinazolia mtupu ziondolewe, mng'ao ukwaruzwe, na gundi iwe ya aina inayoruhusu hivyo. Ila tailizi mpya na gundi yake ni karibu kilo 25 hadi 30 kwa mita ya mraba, kwa hiyo chumba cha mita 20 za mraba kinaongezewa nusu tani au zaidi. Chini hakuna neno, ghorofani muulize mhandisi. Nyumba kongwe za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja ni kesi ya peke yake. Ghorofa zao zimebebwa na boriti na kujazwa mawe ya matumbawe na chokaa, zinacheza kidogo na zinapumua, na skridi nene ya simenti huzilemea na kuziba unyevu ambao chokaa ingeuachia.

Linabaki suala la malipo, na naamini hapo ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Fundi anayelipwa kwa mita ya tailizi alizoweka hana sababu ya kutumia siku mbili kutindua kilima. Madonge matano ni majibu ya busara kwa mkataba wa namna hiyo. Tenganisha bei: kuandaa sakafu iwe na malipo yake, kuweka tailizi malipo yake, na la pili lisianze hadi rula ya mita 2 imezungushwa chumba kizima mbele yenu wote wawili, na kadi nne zikashindwa kupita chini yake. Boksi za tailizi zisifunguliwe kabla ya hapo. Skridi ikikataa kukauka ukaamua kubadili utandiko, kwa muuzaji ni rahisi zaidi kurudisha boksi ambalo bado limefungwa.